Vitabu vya Krismasi vya Ninsiima

Krismasi ya kwanza baada ya kuolewa, Ninsiima alimpa baba mkwe wake kitabu, na ng'ombe akakila.

Ilikuwa hivi. Walikuwa wametoka kanisani, wamekaa nje ya boma, nyama ya fahali iko motoni. Kwa desturi ya nyumba ile, mke wa mtoto hamsogelei baba mkwe wala hamtazami usoni. Kwa hiyo Ninsiima alipiga magoti mbali kidogo, akampa mumewe Muhangi kifurushi, naye Muhangi akakifikisha kwa baba yake. Mzee Elpidius alikipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache, ambaye hakuwahi kuingia darasani. Alipofungua karatasi akakuta kitabu cha picha za ng'ombe wa nchi mbalimbali: wenye nundu, wasio na pembe, weusi tii, wa madoadoa. Ninsiima alikihangaikia mpaka Bukoba, kwa kuwa alijua mzee hasomi, na picha haihitaji kusomewa.

"Asante, mwanangu," alisema mzee.

Papo hapo mafahali wawili wakaanza kupigana karibu na uzio. Mzee akakiweka kitabu juu ya kichuguu, akachukua fimbo, akaenda kuwaamua. Aliporudi, ng'ombe mmoja mwenye tabia ya kutafuna makaratasi alikuwa amebakiza jalada tu, nalo linaning'inia mdomoni.

Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mzee mwenyewe alicheka. Ninsiima naye alicheka, kwa sababu bibi harusi asiyejua kucheka na wenyeji wake atapata tabu. Kisha akazunguka nyuma ya jiko, akakaa juu ya kuni, akajifuta uso kwa pindo la kitenge. Muhangi alimfuata huko.

"Usijali," alimwambia. "Huku kwetu zawadi ni ndama. Vitabu ni mambo ya kwenu Kayanga."

"Kwetu sasa ni hapa," Ninsiima alijibu. "Basi na vitabu ni mambo ya hapa."

Muhangi alidhani ni uchungu wa siku moja. Hakuwa amemjua mkewe vizuri bado.

Ninsiima alizaliwa Kayanga, nyuma ya duka la baba yake. Baba huyo, Rwezaura, alikuwa Mhaya wa Muleba, Mlutheri, aliyekuja Karagwe kijana akafungua duka la majembe, misumari na sabuni karibu na soko. Mama yake, Costansia, alikuwa Mnyambo wa hapo hapo, na ndiye aliyemchagulia binti jina. Rwezaura aliacha shule mapema baba yake alipofariki, akaanza kubeba mizigo ya watu. Kitabu cha kwanza kuwa chake mwenyewe alikinunua akiwa tayari na ndevu. Alisema alikisoma akiwa amesimama, kwa sababu alihofia akikaa atasinzia na kukiangusha.

Watoto walipokuja, akaweka sheria. Siku ya Krismasi, baada ya ibada, hakuna anayegusa wali wala nyama kabla kila mtoto hajafungua kitabu chake. Vilikuwa vimefungwa kwa karatasi za kaki za kufungia misumari, na kila kimoja kimeandikwa jina. Na kabla ya Mwaka Mpya kuingia, kila mtoto alisimama mbele ya meza akaeleza alichosoma. Kuna mwaka barabara ya Bukoba ilikatika kwa mvua, mzigo wa vitabu haukufika, na Rwezaura akazunguka Kayanga nzima akitafuta chochote chenye kurasa. Ninsiima akaangukia kitabu cha kilimo cha mahindi kutoka kwa bwana shamba.

"Baba, hiki kweli ni zawadi?"

"Kimeandikwa jina la nani?"

"Langu."

"Basi kisome."

Alikisoma kwa hasira, ukurasa kwa ukurasa, na Mwaka Mpya ulipofika akasimama mezani akawaeleza habari za funza wa mabua mpaka wageni wakaacha kula. Tangu hapo Rwezaura alikuwa akimtania kwa jina la Bibi Shamba, lakini kwa majivuno.

Muhangi alimwona dukani hapo, siku alipokuja Kayanga kutafuta dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alikuja tena wiki iliyofuata kutafuta misumari ambayo hakuihitaji. Wakaoana, na Ninsiima akahamia Kyerwa, kwenye mbuga za malisho, mwendo mrefu kwa bodaboda kutoka Rubwera, mahali ambapo asubuhi mtu huamshwa na ng'ombe na jioni huingizwa ndani nao.

Alijifunza kazi. Mama mkwe wake, Pulkeria, mwanamke mdogo wa umbo na mkali wa macho, alimkabidhi ng'ombe wa kukamua akamwonyesha jinsi ya kusukasuka maziwa kwenye kisabo, kile kibuyu kikubwa, mpaka siagi ijitenge. Samli ilikuwa mali ya wanawake, hakuna mwanamume aliyeuliza inakwenda wapi. Ninsiima aliipeleka Rubwera kwa familia za watumishi wa ofisi za wilaya, na alichopata kikageuka vitabu. Rwezaura alivitafuta, akavifunga kwa karatasi zake za kaki, akavikabidhi kwa dereva wa basi dogo, na Ninsiima akavifuata Rubwera.

Watoto wakazaliwa: Benitha, kisha Elick, kisha Joyness. Kila Krismasi walipata kitabu, hata Joyness ambaye mwaka wake wa kwanza alikinyonya pembe zote nne.

Lakini boma lilikuwa na desturi yake, na ilikuwa na nguvu kuliko ya kwao Kayanga. Asubuhi ya Krismasi, kabla ya kwenda kanisani, Mzee Elpidius aliingia zizini na fimbo yake, na mbele ya wote akamwonyesha kila mjukuu wa kiume ndama wake. "Huyu wa Elick." Basi, tangu siku hiyo ndama huyo na watoto atakaowazaa ni wa Elick. Wasichana walinunuliwa magauni na mama zao. Yalikuwa magauni mazuri, hakuna aliyelalamika. Benitha alipokuwa mdogo alimshika mama yake mkono akauliza, "Na wangu ni yupi?" Wanawake wakacheka, Pulkeria akamwambia gauni lake lina maua mekundu, aende akalivae.

Mwaka mmoja samli ilikuwa kidogo, na Ninsiima alinunua vitabu akaacha magauni. Wasichana wakaenda kanisani na ya mwaka uliotangulia, yamefuliwa na kupigwa pasi vizuri, lakini pindo limefika magotini. Pulkeria hakusema kitu mpaka waliporudi.

"Mama Benitha, umenivua nguo mbele ya kanisa zima."

"Nisamehe, mama. Kukuaibisha sikukusudia."

"Mtoto anakua kwa maziwa, anapendeza kwa nguo. Kitabu kinamfanyia nini?"

"Mama, gauni la mwaka juzi liko wapi?"

"Limechanika."

"Kitabu cha mwaka juzi Benitha bado anacho. Na Elick amekisoma. Na sasa Joyness anakililia."

Pulkeria alibetua midomo, akaenda zake kuangalia maziwa.

Mchwa nao walikuwa na neno la kusema. Ninsiima alikwenda Kayanga kumuuguza mama yake, aliporudi akalifungua sanduku la mbao alimoweka vitabu vyote vya miaka ile akakuta udongo. Mchwa walipanda kutoka sakafuni wakala kila kitu, wakaacha vipande vya majalada vilivyo laini kama majivu. Benitha alilia kwa sauti. Ninsiima hakulia. Alichukua kiroba cha plastiki, akakiosha, akakining'iniza kwa kamba kwenye boriti juu ya jiko, ambako moshi haumpi mchwa nafasi. Kiroba kilikaa kitupu mpaka Desemba, kikaanza upya na vitabu vitatu. Mpaka leo vitabu vya nyumba ile vinanuka moshi, na walimu wa shule ya msingi wanavitambua kabla hawajavifungua.

Kisha Rwezaura akafariki. Alianguka dukani asubuhi, jioni hakuwepo. Walimzika Muleba kwa wazazi wake, na baada ya arobaini duka likafungwa. Desemba hiyo Ninsiima alikaa Rubwera kituoni bila sababu, akitazama basi dogo likishusha magunia, mizigo na kuku, akijua hakuna kifurushi cha kaki kitakachotoka. Muhangi alimkuta huko.

"Twende nyumbani," alisema kwa upole. "Baba yako ameondoka. Watu watakuelewa ukiacha."

"Alipofiwa na baba yake aliacha shule," Ninsiima alisema. "Mimi sitaacha kitu kwa kufiwa."

Akapanda basi lile lile likigeuza, akaenda Bukoba, akalala kwa shangazi, akarudi na vitabu. Muhangi alizungumzia safari hiyo mwaka mzima, nusu kwa kulalamika, nusu kwa kujisifu kwa wenzake mnadani.

Ulifika mwaka wa ugonjwa wa miguu na midomo. Ng'ombe walitokwa na malengelenge, wakachechemea, maziwa yakakauka. Minada ikafungwa, karantini ikatangazwa, na hakuna mnyama aliyeruhusiwa kutoka kwenye boma lake. Bila maziwa hakuna samli, bila mnada hakuna kitu. Mwezi wa kumi na moja senene walipita kwa wingi, watoto wakakamata, na hiyo ndiyo ilikuwa raha ya mwaka. Mzee Elpidius akawaita wote akasema, "Krismasi hii tutasali, tutakula kilichopo. Zawadi hakuna, za ndama wala za chochote." Alipotamka "chochote" hakumtazama Ninsiima, maana desturi haimruhusu, lakini kila mtu alijua neno limetua wapi.

Ninsiima alikubali kwa kichwa. Jioni hiyo, akichemsha viazi, akamwambia Muhangi, "Amekataza kununua. Hakukataza kutengeneza."

Alikuwa na wazo, na wazo lenyewe lilimhitaji mzee.

Tatizo lilikuwa desturi. Asingeweza kwenda kukaa mbele ya baba mkwe kumuuliza maswali. Basi akamtuma Benitha, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miguu mirefu na maswali mengi. "Nenda kamuulize babu ng'ombe wetu walitoka wapi. Usiwe na haraka." Mzee alizoea kukaa alasiri kwenye kigoda karibu na uzio wa matete, akiangalia ng'ombe wagonjwa. Benitha akakaa miguuni pake. Upande wa pili wa uzio, Ninsiima alitandika ngozi chini, akakaa na daftari na kalamu, akasikiliza.

Mzee alisimulia kwa Kinyambo, naye akaandika kwa Kiswahili, ila majina ya ng'ombe aliyaacha yalivyo. Siku moja Benitha aliuliza swali kwa sauti ndogo, na mzee, bila kugeuza shingo, akasema, "Uliza kwa nguvu, mjukuu wangu. Nyuma ya uzio kuna mtu atakosa kusikia." Ninsiima akashika mdomo wake asicheke. Kuanzia hapo mzee alipaza sauti kama anayehubiri, na alipofika kwenye jina la ng'ombe alilirudia, akingoja kidogo, mpaka kalamu iache kukwaruza.

Alichosimulia ni hiki. Baba yake alikuwa na kundi kubwa, wakakaa bonde lenye ndorobo. Ng'ombe wakaanza kukonda na kufa, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki mtamba mmoja mwekundu wa kahawia aliyeitwa Bihogo. Baba akakata tamaa, akasema na huyo naye aachwe. Lakini dada yake Elpidius, Kokubanza, msichana ambaye hata matiti hayajatoka, akamfunga Bihogo kamba akamtoa bondeni usiku usiku, akapanda naye mlimani kwenye baridi ambako ndorobo hawafiki. Akakaa naye huko msimu mzima, akimkatia majani, akila alichopelekewa na mama yake. Bihogo akapona. Akamzaa Gaaju, Gaaju akamzaa Mayenje, na ng'ombe wote waliopo kwenye boma, hata yule aliyewahi kula kitabu, ni wa ukoo wa Bihogo.

"Na bibi Kokubanza alipewa ng'ombe gani?" Benitha aliuliza.

"Kokubanza aliolewa Kibingo, kwa wakulima wa migomba," mzee akajibu. "Hakupewa ng'ombe. Msichana hapewi." Akaendelea na habari za Mayenje. Upande wa pili wa uzio Ninsiima aliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka, akayapigia nukta, akafungua ukurasa mwingine.

Ninsiima aliandika nakala tatu kwa mkono, moja ya kila mtoto. Alishona kurasa kwa uzi wa magunia, akatengeneza majalada kwa maboksi ya dawa ya mifugo yaliyovikwa vipande vya kitenge. Elick alipomkuta akishona akaambiwa ni mto wa kukalia, naye akaamini.

Siku ya Krismasi waliporudi kutoka kanisani, walikula viazi na maharage na samaki mkavu. Ndipo Ninsiima akatoa vifurushi. Mzee alikunja uso. "Nilisema hakuna zawadi."

Muhangi akajibu kwa niaba ya mkewe, "Baba, hazikununuliwa. Zimetoka kwako."

Benitha akafungua cha kwake, akaona jina la kitabu, akapiga yowe. "Babu! Ni ng'ombe wako!" Akaanza kusoma kwa sauti, akitafsiri kwa Kinyambo papo hapo ili babu na bibi wafuate. Mzee aliinama mbele, mikono juu ya fimbo. Alipotajwa baba yake alisema "Ndiyo." Alipotajwa ndorobo alitikisa kichwa. Ng'ombe mmoja alipokosewa rangi alipiga fimbo chini: "Hapana, alikuwa na doa kwenye paja." Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekutana njiani na mtu waliyepotezana naye zamani.

Kisha Benitha akafika pale. "Kokubanza aliolewa Kibingo, kwa wakulima wa migomba. Hakupewa ng'ombe. Msichana hapewi."

"Soma tena hapo," mzee alisema.

Benitha akamtazama mama yake. Ninsiima akamwashiria asome. Akasoma tena, polepole. Mzee akainuka, akafungua lango la zizi, akatembea katikati ya ng'ombe mpaka mwisho, akasimama huko amewapa mgongo.

Muhangi alimvuta mkewe pembeni. "Umemwaibisha baba yangu siku ya Krismasi! Ulishindwa kuliruka hilo?"

"Nimeandika alichosema."

"Mambo mengine mtu husema, hayaandikwi!"

"Kama Kokubanza angemruka Bihogo, Muhangi, leo ungekuwa unachunga nini?" Hakuishusha sauti. "Nina mabinti wawili hapa. Sitaandika kitabu cha kuwadanganya."

Pulkeria alikuwa nyuma yao na bakuli mkononi. Walidhani atawagombeza wote wawili. Akamwambia mwanawe, "Mwache mwenzako. Pale hamna neno la uongo. Mimi nimekula samli ya Bihogo miaka yote hii, na sijawahi kumpelekea wifi yangu hata kijiko."

Mzee hakuzungumza habari ile Krismasi yote, wala Mwaka Mpya, wala wiki zilizofuata. Ninsiima aliamka kila asubuhi akijiuliza kama ameivunja nyumba. Alikamua, alipika, alifua. Hakuomba radhi, kwa sababu hakuona kosa, na kujifanya ameliona kungekuwa uongo.

Ng'ombe wakapona. Karibu na Pasaka karantini ikaondolewa. Asubuhi moja mzee akaingia zizini na fimbo, akazunguka, akamwonyesha mtamba mwekundu wa kahawia, mzuri kuliko wote. "Muhangi, mfunge huyu kamba. Tafuta vibali. Tunakwenda Kibingo." Kisha, bila kutazama upande wa jiko, akaongeza kwa sauti ya juu, "Na yule msichana aje na kitabu. Na mama yake aje, asije akasema sikusema."

Walimkuta Kokubanza ameketi mlangoni kwenye kibanja chake, chini ya kivuli cha migomba, akimenya ndizi. Alikuwa mzee sana, amekunjamana, lakini kisu kilikwenda haraka.

"Shikamoo, dada," alisema Elpidius.

"Marahaba." Akamtazama mtamba, kutoka pembe mpaka mkia. Akaweka kisu chini. "Huyu ni wa Bihogo."

"Ni wa Bihogo. Ni wako."

Kokubanza alinyanyuka kwa kushikilia nguzo, akaenda akaweka kiganja kwenye mgongo wa mnyama, akakiacha hapo muda mrefu. "Umechelewa njiani, Elpidius," akasema.

"Nimechelewa."

Baadaye Benitha akamsomea. Bibi alisikiliza amefumba macho, na walipofika kwenye kamba akamkatiza. "Kamba ipi? Nani angenipa kamba? Nilichana nguo yangu mwenyewe, nikamfunga nayo. Nikateremka siku ya kurudi nikiwa nusu uchi, mama akanipiga." Akacheka kicheko chenye mapengo. "Andikeni hivyo." Ninsiima alitoa kalamu akafuta kamba, akaandika nguo, kwenye goti lake, hapo hapo kwenye kibanja.

Krismasi iliyofuata mzee aliingia zizini kama kawaida. "Huyu wa Elick," alisema. Kisha, "Huyu wa Benitha. Huyu wa Joyness." Jirani mmoja aliyekuja kuwasalimu, mfugaji wa rika lake, akasema kwa mzaha kuwa mambo yamegeuka, sasa wasichana wanapewa ng'ombe. Mzee akamjibu, "Na wavulana wanapewa vitabu. Hapa kwangu kila mtoto anapata vyote viwili. Wewe umeleta nini?" Na vitabu vilipogawiwa, akasubiri mpaka mwisho, akakohoa. "Changu kiko wapi?"

Ninsiima alikuwa amemwandikia nakala yake tangu mwezi wa nane, ila aliogopa kuitoa. Alipiga magoti mbali kidogo, kama desturi, akampa Muhangi, naye akaifikisha. Siku hizi mzee huwataka wajukuu wamsomee kwa zamu, kila mmoja ukurasa wake, na akigundua mtu ameruka mstari anamrudisha, maana amekijua chote kwa moyo.

Usidhani kila kitu kilinyooka. Elick hapendi kusoma. Anapenda pikipiki, na kitabu asipokuta gurudumu ndani yake anakifunga. Ninsiima amemletea cha wanyama, cha mpira, cha safari za angani, na vyote vilirudi kwenye kiroba vikiwa vipya. Hajakubali. Amesikia kuna kitabu cha ufundi wa injini, ameagiza kwa watu wawili tofauti. Watoto wa maboma ya jirani nao wameanza kuja siku ya Krismasi, wanakaa kwenye nyasi wakisubiri bila kuomba, na imembidi Pulkeria mwenyewe aongeze samli yake kwenye ya mkwewe ili wasirudi mikono mitupu.

Desemba iliyopita mvua ilinyesha vibaya. Ninsiima na Benitha, ambaye sasa yuko sekondari na yuko likizo, walikwenda Rubwera kuchukua mzigo wa vitabu uliofika na basi kutoka Bukoba. Wakati wa kurudi, dereva wa bodaboda alifika kwenye daraja la miti lililosombwa akazima injini. "Mama, mimi hapa ndiyo mwisho. Mzigo uacheni kwa mtu, mtaufuata baada ya sikukuu."

"Baada ya sikukuu si Krismasi," alisema Ninsiima.

Akavua viatu, akaugawa mzigo mara mbili, nusu kichwani kwake, nusu kichwani kwa Benitha, vyote vimezungushiwa nailoni na kukazwa. Wakavuka maji yaliyofika mapajani, wameshikana mikono. Upande wa pili walitembea kwenye matope, mvua ikiwapiga usoni, wakipumzika pale tu shingo ilipokataa. Benitha aliteleza mara moja akaanguka kwa magoti, mzigo haukugusa chini. Kulikuwa na vitabu vya watoto wa maboma manne juu ya vichwa vyao.

Walipopanda mwinuko wa mwisho, ng'ombe walikuwa wanaingia zizini na wanawake wameshika vyombo vya kukamulia. Mzee Elpidius alikuwa amesimama barabarani peke yake, amejifunika koti la mvua, fimbo mkononi. Ilionekana alikuwa hapo muda mrefu, maana maji yalikuwa yanamtiririka kofiani. Alimtazama mjukuu wake, kisha, kinyume cha desturi, akamtazama mkwewe usoni.

"Vimelowa?"

"Havijalowa, baba."

"Basi nipe nikupokee," alisema mzee, akanyoosha mikono.

Ninsiima akamtwika.